Fuwele Zinazosimulia Habari za Chini ya Mlima wa Moto



Hakuna mtu aliyepata kushuka chini ya mlima wa moto akaona kwa macho yake mambo yaliyomo humo. Migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, ambayo kina chake chapita migodi yote ya dunia, hufika kilometa 4 hivi tu. Na mawe yaliyoyeyuka ambayo huulisha mlima wa moto kwa kawaida hukaa chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo mambo ya huko yamefichika, na yaliyofichika watu huyatungia hadithi.

Hata hivyo, watu wakaao chini ya mlima wa namna hiyo wana swali moja ambalo hadithi haiwezi kulijibu. Mlima ukianza kuamka, je, zimebaki siku ngapi za kuwaondoa watoto, mifugo na mali? Akihama mapema mno, mtu hupoteza mavuno yake bure, na safari ya pili ataona uvivu kuondoka. Akichelewa, hupoteza roho. Wataalamu wa elimu ya mawe wametafuta kwa miaka mingi shahidi wa kuwasaidia katika jambo hilo, na mmojawapo wa mashahidi bora waliyempata ni mdogo sana: ni chembe iliyomo ndani ya jiwe, ambayo mara nyingi haizidi punje ya mtama kwa ukubwa. Chembe hiyo huitwa fuwele.

FUWELE NI NINI?

Mtu aliyefika Ziwa Magadi ameona jinsi maji yanavyokauka kwa jua kali na kuacha gamba la magadi. Akichukua kipande na kukitazama vizuri, atakuta chembe nyingi zinazometameta, zenye pande zilizonyooka kana kwamba zimechongwa na fundi. Hizo ni fuwele. Chumvi ya jikoni ni fuwele, na sukari pia ni fuwele. Fuwele haikui kama mmea, kwa kuvuta chakula ndani. Hukua kwa kujiongezea ngozi mpya juu ya ngozi ya zamani, hivyo kwamba sehemu ya katikati ndiyo kongwe na ukingo wa nje ndio mchanga.

Jambo hilo hilo hutukia ndani ya ardhi. Mawe yaliyoyeyuka chini ya mlima huitwa magma. Magma si kama maji. Ni kama uji mzito wa moto, wenye mawe yaliyoyeyuka, na hewa za namna mbalimbali, na fuwele zinazoelea humo. Kadiri magma inavyopoa, ndivyo fuwele zinavyozidi kuota. Mlima ukilipuka, uji ule hutupwa nje na kuganda upesi, na fuwele zote hunaswa ndani ya jiwe pamoja na siri zao.

Basi siri hizo ni zipi? Kila fuwele hujijenga kwa vitu vilivyoizunguka wakati ule ule wa kujenga. Ziko aina za fuwele, kama olivini na piroksini, ambazo hutumia chuma na magnesiamu. Magma mpya yenye moto mwingi, inayopanda kutoka chini sana, ina magnesiamu nyingi. Magma iliyokaa mahali pamoja ikipoa hupungukiwa na magnesiamu, kwa kuwa fuwele za kwanza zimekwisha kuichukua. Ndipo chuma hushika nafasi yake. Kwa hiyo, fuwele ikionekana kuwa na kiini chenye chuma kingi, kisha ikazungukwa na ukingo wenye magnesiamu nyingi, mtaalamu huelewa kwamba fuwele hiyo ilikaa kwanza katika magma iliyotulia, kisha magma mpya ikaja kwa nguvu ikaichanganya.

Wafugaji hawatalionea ajabu jambo hili. Mfugaji hodari huzitazama pembe za ng'ombe jike akakisia amezaa mara ngapi, maana uzazi huacha alama kama pete juu ya pembe. Hakuna aliyeandika daftari; mwili wa ng'ombe wenyewe ndio daftari. Fuwele nayo ni daftari la magma.

JINSI DAFTARI LINAVYOSOMWA

Jiwe hukatwa kwa msumeno wa almasi na kusuguliwa mpaka libaki kipande chembamba sana, ambacho unene wake ni kama sehemu 3 tu za mia za milimeta. Hapo mwanga hupenya ndani yake. Kisha kipande hicho huwekwa katika mashine inayokipiga kwa mwale wa elektroni. Kila kitu kilichomo, kiwe chuma, au magnesiamu, au nikeli, hujibu kwa mionzi yake yenyewe, na mashine huipima mionzi hiyo. Kwa njia hii mtaalamu huweza kuipima fuwele hatua kwa hatua, toka kiini hata ukingo, ingawa kila hatua ni ndogo kuliko upana wa unywele.

Lakini kujua kwamba magma mpya ilikuja hakutoshi. Swali lililobaki ndilo kubwa: ilikuja lini? Ilikuja miaka mia kabla ya mlipuko, au wiki iliyotangulia?

Hapa ndipo panapofaa kukumbuka tone la wino katika bilauri ya maji yaliyotulia. Mwanzoni tone lina mpaka ulio wazi; huku ni weusi, huku ni maji safi. Baada ya kitambo mpaka hufifia, na kadiri muda unavyopita ndivyo wino unavyozidi kuenea. Mtu aliyezoea angeweza kuitazama bilauri akakisia wino ulitiwa muda gani uliopita. Mambo ni hayo hayo ndani ya fuwele, ila kwa polepole sana. Ukingo mpya unapoota juu ya kiini cha zamani, mpaka kati yao ni mkali kama uliokatwa kwa kisu. Lakini katika joto la digrii 900 au 1,000 za sentigredi, chuma na magnesiamu huanza kubadilishana nafasi, kidogo kidogo, na mpaka hufifia. Mlima ukilipuka, jiwe hupoa na mwendo ule hukoma. Tangu hapo fuwele ni kama saa iliyosimama wakati nyumba ilipoungua. Mishale yake haisogei tena.

Wataalamu wamepima katika maabara jinsi vitu hivyo vinavyokwenda katika joto mbalimbali. Kwa hiyo, wakiupima upana wa mpaka uliofifia, na wakilijua joto la magma, huweza kupiga hesabu ya siku, au miezi, au miaka iliyopita tangu ukingo uote mpaka mlima ulipolipuka.

Iko alama nyingine tena. Fuwele inapokua huweza kulizingira tone dogo la magma na kulifungia ndani yake, kama mdudu aliyenaswa katika utomvu wa mti. Tone hilo huganda likawa kioo, na ndani ya kioo hicho mna maji na hewa ya kaboni. Afunguaye chupa ya soda huona povu linatoka kwa kishindo, kwa sababu hewa iliyokuwa imebanwa imepata nafasi. Magma nayo, ikibanwa sana kwenye kina kirefu, hushika maji mengi. Ikipanda juu, huyaachilia. Basi kiasi cha maji kilichobaki katika tone hueleza lilifungiwa kwenye kina gani. Hivyo fuwele moja huweza kujibu maswali matatu: nini kilitokea, wapi, na lini.

MLIMA ST. HELENS

Mfano ulio wazi ni wa mlima St. Helens, katika jimbo la Washington, nchi ya Marekani. Mlima huo ulikuwa umetulia tangu karne ya 19. Theluji ilikuwa imefunika kilele chake, misitu ilikuwa imestawi mbavuni, na watu walikuwa wamejenga nyumba za mapumziko kando ya ziwa lililo chini yake. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa serikali, Dwight Crandell na Donal Mullineaux, baada ya kuchunguza matabaka ya majivu ya kale, waliandika kwamba mlima huo huenda ukalipuka hata kabla ya karne kwisha.

Miaka miwili baadaye maneno yao yalitimia. Mwezi wa Machi 1980 ardhi ilianza kutetemeka chini ya mlima. Tarehe 27 Machi mvuke na majivu vilitoka kileleni. Kisha ubavu wa kaskazini ukaanza kuvimba, ukisogea nje zaidi ya meta moja na nusu kila siku, maana magma ilikuwa ikiusukuma kutoka ndani. Wakuu wa serikali waliwakataza watu kuingia karibu na mlima.

Siku zikapita, wiki zikapita, na mlipuko mkubwa haukuja. Wenye nyumba wakachoka kungoja, wakanung'unika kwamba wanazuiwa wasifikie mali yao wenyewe bila sababu. Hatimaye, Jumamosi tarehe 17 Mei, baadhi yao waliruhusiwa kuingia chini ya ulinzi ili wachukue vyombo vyao. Kundi lingine lilikuwa liingie kesho yake, saa nne asubuhi.

Kundi hilo halikuingia. Jumapili tarehe 18 Mei, saa mbili na dakika 32 asubuhi, ardhi ilitetemeka, na ubavu mzima wa kaskazini ukaporomoka. Magma iliyokuwa imebanwa ikapata nafasi kwa ghafula, ikalipuka kwa upande. Watu 57 walikufa. Mmoja wao alikuwa David Johnston, mtaalamu kijana wa elimu ya mawe, aliyekuwa zamu katika kituo cha kuulinda mlima, umbali wa kilometa 10 hivi. Misitu ya eneo la kilometa za mraba 600 hivi iliangamizwa, na mlima ukapungua urefu kwa meta 400. Kama mlipuko ungalichelewa kwa saa chache tu, idadi ya maiti ingaliongezeka sana.

Baada ya siku ile mlima uliendelea kulipuka kwa vipindi, kwa nguvu ndogo zaidi, mpaka mwaka 1986. Muda huo wote vyombo vilihesabu matetemeko na kupima hewa ya salfa iliyotoka kileleni, na mawe ya kila mlipuko yalikusanywa na kuhifadhiwa. Matone yaliyofungiwa katika fuwele, pamoja na majaribio ya maabara, yalionyesha kwamba magma ya mwaka 1980 ilikuwa imekaa kwenye kina cha kilometa 7 au 8 hivi.

Mawe yale yalingoja zaidi ya miaka 20 kabla ya kutoa ushahidi wake wote. Mwaka 2012 Dkt. Kate Saunders wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya fuwele za piroksini zilizotoka katika milipuko ya miaka ile. Walizipima kingo za fuwele nyingi na kupiga hesabu ya tarehe ambapo kila ukingo ulianza kuota. Kisha waliziweka tarehe hizo kando ya orodha ya matetemeko na ya vipimo vya hewa.

Orodha hizo zilipatana. Kingo nyingi zilikuwa zimeota katika miezi 12 iliyotangulia mlipuko. Tena, vipindi ambavyo fuwele nyingi ziliota kingo mpya vilikuwa ndivyo vipindi ambavyo matetemeko yalizidi na hewa ya salfa ikaongezeka.

Msikilizaji asiudharau upatanifu huu. Kabla ya hapo, ardhi ilipotetemeka chini ya mlima, mtaalamu aliweza kusema tu kwamba huenda ni magma. Fuwele zilimthibitishia kwamba ishara zile za juu na mwendo wa magma huko chini ni jambo moja. Ni kama mganga asikiaye kikohozi nje ya kifua. Kikohozi kile kitamfaa zaidi akiisha kujua hakika ni ugonjwa gani ulio ndani.

KILA MLIMA NA DESTURI YAKE

Lakini milima haifanani. Katika nchi ya Costa Rica, Amerika ya Kati, uko mlima uitwao Irazú. Ulianza kulipuka mwezi wa Machi 1963, ukaendelea mpaka mwaka 1965, ukiunyeshea majivu mji mkuu wa San José na kuyaharibu mashamba ya kahawa, mali ambayo mkulima wa Kenya anaijua thamani yake. Mwaka 2013 Philipp Ruprecht na Terry Plank wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza habari za nikeli waliyoikuta katika fuwele za olivini za mlima huo. Nikeli ile ilikuwa bado imebaki mahali pake, haijaenea. Kama magma ingalikaa miaka mingi njiani, alama ile ingalikwisha kufutika. Kwa hiyo walikata shauri kwamba sehemu ya magma ilikuwa imepanda kutoka kina cha kilometa 35 hivi kwa muda wa miezi tu.

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, kina habari nyingine. Huko ulitokea mlipuko mkuu mno zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Fuwele zake, zilizochunguzwa na Timothy Druitt na wenzake na kuelezwa mwaka 2012, zilionyesha kwamba baada ya maelfu ya miaka ya utulivu, magma nyingi iliingia chini ya mlima katika miaka isiyotimia mia iliyotangulia mlipuko, na nyingine ikaingia katika miezi ya mwisho. Basi utulivu wa muda mrefu si dhamana. Mlima uliolala tangu enzi za mababu huweza kuamka katika maisha ya mtu mmoja.

Na karibu zaidi uko Nyiragongo, juu ya mji wa Goma, mashariki ya Kongo. Mwaka 1977, na tena mwezi wa Januari 2002, lava yake iliteremka kwa kasi. Na katika safari hiyo ya pili ilipita katikati ya mji. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ubavu wa mlima ulipasuka tena. Safari hii vyombo vilionyesha ishara chini ya saa moja tu kabla ya lava kutoka. Sababu ni kwamba magma haikuwa na haja ya kupanda kutoka mbali. Ilikuwa imekwisha kujaa ndani ya mlima, katika ziwa la moto lililokuwa kileleni kwa miaka mingi, ikingoja ukuta upasuke. Mahali kama hapo kanuni za St. Helens hazitoshi. Mtu akihesabu miezi ya maonyo kwa sababu mlima mwingine ulitoa miezi, atakuwa amejidanganya.

MIPAKA YA ELIMU HII

Yafaa kusema wazi kwamba fuwele si mpiga ramli. Kwanza, husomwa baada ya mlima kuwa umekwisha kutupa mawe yake. Haitangazi mlipuko wa kesho. Pili, saa yake hutegemea joto. Mtaalamu akikosea joto kwa makumi machache ya digrii, hesabu ya muda huweza kukosea mara mbili au zaidi. Tatu, magma ipandapo huchukua fuwele za watu wengine, yaani vipande vya mawe ya kale yaliyokuwa njiani, na fuwele hizo husimulia mambo ya zamani yasiyohusu mlipuko huu. Ndiyo sababu fuwele moja haitoshi. Hupimwa nyingi, na mashahidi wakipatana, ndipo neno lao hukubaliwa.

Faida yake basi ni nini? Ni hii: kwa kuzisoma fuwele za milipuko iliyopita, wataalamu huijua desturi ya mlima mmoja mmoja. Hujua kama magma yake hukaa sana au hupanda kwa haraka, na ishara za namna gani hutangulia. Kisha vyombo vikitikisika tena, wakuu wa serikali huwa na kipimo cha kuwaambia watu waondoke leo, au wajitayarishe, au wasubiri.

BONDE LA UFA

Jambo hili lahusu Kenya pia. Bonde la Ufa limejaa milima iliyozaliwa kwa moto: Longonot, Suswa, Menengai na mingineyo. Katika Mlima Kenya kuna jiwe jeusi liitwalo kenaiti, lililopewa jina la mlima wenyewe, ambalo fuwele zake za feldispa ni kubwa hata huonekana kwa macho matupu. Mwezi wa Julai 2007 matetemeko yaliyotokea karibu na Ol Doinyo Lengai, upande wa Tanzania, yalisikika hata Nairobi, na miezi miwili baadaye mlima huo ulilipuka.

Huko Menengai, juu ya mji wa Nakuru, kazi ya kuchimba visima vya mvuke ilianza mwaka 2011, na baadhi ya visima vilifikia magma yenyewe kwenye kina cha kilometa 2 hivi, vikapandisha vipande vya kioo kilichoganda. Moto huo huo una faida zake, kwani Olkaria imetoa umeme kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981. Lakini mwenye kupika juu ya jiko la jirani yafaa aijue tabia ya jirani huyo.

Kwa hiyo mtu akimwona mtaalamu anapanda mlima na nyundo, akigonga mawe na kuyatia mfukoni, asidhani kwamba anatafuta dhahabu. Huenda anatafuta chembe ndogo itakayomwambia magma ilipanda kwa siku ngapi safari iliyopita. Na siku ile neno la kuhama litakapotolewa, wiki zikapita na mlima ukabaki kimya, watu wawakumbuke wenye nyumba wa St. Helens, ambao saa chache tu ziliwatenga na kifo. Ukimya wa mlima wakati ule haukuwa usalama. Fuwele zilikuwa bado zinaota kingo zake gizani, na magma ilikuwa njiani.